Kamba ya Nne

Ulimi hauna mfupa, na wa Mbeyu ndio uliomponza. Miaka sita iliyopita, kuku wa jirani yake Maimuna alipomfukulia mchicha wake wa kwenye magunia, Mbeyu alisimama uani akasema kwa sauti ya mnadani, "Kuku na mwenyewe, wote hawana adabu!" Tangu siku hiyo wanawake wale wawili hawakusemezana. Ua wa makuti ukajengwa kati ya nyumba zao pale Msambweni, na salamu zikaishia hapo.

Sasa ndiyo Ijumaa ya harusi ya Yusra, binti wa pekee wa Mbeyu. Baada ya swala, akina mama wa upande wa bwana harusi wangefika kutoka Majoreni, na Seifu, fundi wa mahema kutoka Ukunda, bado alikuwa akifuta jasho. Ardhi ya pale ni jiwe tupu. Vigingi vyote vilikuwa vimepinda.

"Mama, kamba tatu nimezifunga kwenye miti yako," alisema. "Ya nne haina pa kushika ila mnazi ule." Akaonyesha upande wa pili wa ua. "Bila huo, upepo huu utatuvua hema mbele ya wageni."

Lahaula! Mnazi wa Maimuna, ambaye Mbeyu hata mwaliko hakumpelekea!

"Kamwombe wewe, mwanangu."

"Mimi? Mama, nimekuja kufunga hema, sikuja kufungua ugomvi."

Basi Mbeyu akajitanda leso, akazunguka kwa njia ya mbele. Nyumba ni ya pili tu, lakini siku hiyo aliiona mbali.

"Hodi! Assalaam alaikum, Maimuna."

Maimuna akaitika bila kuinuka, "Waalaikum salaam. Karibu."

Maneno yote aliyoyapanga yakampotea. "Nimekuja kuomba mnazi," akasema, na machozi yakamtoka. "Na nimekuja kuomba radhi. Mwenzangu, nilikukosea. Kuku hana kosa, nawe huna kosa. Ni mdomo wangu huu."

Maimuna akamtazama sana. "Yusra huyo nilimwogesha mimi, siku arobaini, wewe hujiwezi kitandani. Leo anaolewa, nami nanusa pilau kama mpita njia."

"Nisamehe."

"Ningekusamehe mwaka ule ule, lau ungepiga hodi." Akainuka. "Haya, twende. Hiyo kamba itapitaje na ua umeziba?"

Akaanza kung'oa makuti kwa mikono yake mwenyewe, mpaka ikapatikana nafasi ya mtu kupita. Kamba ikafungwa mnazini, hema jeupe likakazika. Alasiri nzima upepo ulivuma na hema likasimama. Maimuna ndiye aliyemshika Yusra mkono kumtoa mbele ya wageni, na vigelegele vyake vilishinda vya wote. Kila alipowatazama, Mbeyu alisema alhamdulillahi, hata wageni wakadhani anavuta uradi.

Asubuhi yake Seifu akaja kuvunja hema. Alipokwisha kuifungua kamba ya nne, akaokota makuti. "Mama, niurudishe ua?"

"Uache hivyo hivyo."

Kuku wa Maimuna akaingia kwa nafasi ile, akaelekea moja kwa moja kwenye magunia ya mchicha. Mbeyu akachota konzi ya pilau, akamrushia.

"Kula, bibi. Harusi ni yako pia."