Upande wa Nyamai

Jumapili hiyo baada ya ibada, Nthoki alisimama peke yake jikoni kwake, mtaa wa Lucky Summer, akakaza koo, akasema kwa sauti nzito kadiri alivyoweza, "Nyati haangushwi na unene wa risasi. Huangushwa na pale ilipoingia." Kisha akasikiliza. Siyo. Akarudia polepole, akashusha sauti zaidi, na bado aliyesikika ni mama mzee mwenye mafua anayezungumza na sufuria. Akaketi kwenye kigoda akalia, kwa sababu alikuwa ameanza kuisahau sauti ya marehemu mumewe, Nyamai.

Sura ya Nyamai alikuwa nayo. Ilikuwa ukutani ndani ya fremu, na kwenye simu ya binti yao Wavinya zilijaa picha za kila sherehe, zote kimya. Nani angefikiria kumrekodi mtu akiomba chumvi? Nthoki aliikumbuka mikono yake, namna alivyokohoa kabla ya kufungua mlango, hata harufu ya mpingo kwenye mashati yake. Lakini alipojaribu kumsikia akisema jambo la kila siku, "Nthoki, maji yako wapi," hakuja mtu. Nyamai alimjia mahali pamoja tu, na hapo napo kwa mbali: kwenye ubishi wa bunduki.

Ubishi wenyewe, jamani, ulikuwa umedumu kuliko ndoa za watu. Nyamai na rafiki yake Wabwire, Baba Owen, walikuwa vijana wabeba bunduki wa wawindaji wa kizungu, kabla serikali haijapiga marufuku uwindaji mwaka wa sabini na saba. Kila mmoja alikuwa na bwana wake, na kila bwana alikuwa na bunduki yake ya kizamani, ile ambayo baada ya kila mlio lazima uvute komeo kwa mkono ili risasi nyingine iingie. Ukiziweka bunduki hizo sambamba ungedhani ni pacha. Tofauti ilikuwa kwenye chakula. Ya bwana wa Nyamai ilikula risasi ndefu, nyembamba, mia tatu sabini na tano kwa kipimo cha wenyewe, nao vijana waliiita Tatu-Saba-Tano. Ya bwana wa Wabwire ilikula Nne-Moja-Sita, nene, yenye mabega pale ganda linapopungua kuelekea ncha. Marufuku ilipokuja, bunduki zikaondoka na wenyewe, Nyamai akashika tezo akawa mchongaji vinyago, Wabwire akaingia kiwandani mtaa wa Baba Dogo, na kilichowabakia wote wawili ni ubishi wa ipi ilikuwa bora.

Basi kila Jumapili Wabwire alitoka Kariobangi kwa miguu kuja kubishana. Nthoki alipika chai huku akiwacheka. Wazee wazima, wana wajukuu, wanatoleana macho juu ya bunduki ambazo hata siku moja hawakuruhusiwa kuzifyatua! Siku nyingine alichoka nao, akawaambia, "Nyinyi mlibeba tu," nao wakanuna kidogo, kisha wakaendelea. Siku nyingine aliongeza sauti ya redio ili asiwasikie. Redio hiyo leo angeitupa dirishani bila kujuta, ili apate Jumapili moja tu kati ya zile alizozipoteza akisikiliza matangazo ya sabuni.

Tangu mazishi kule Mwingi, Wabwire hakuwa amekanyaga Lucky Summer. Hawakukosana. Alikuwa akija kwa rafiki yake, na rafiki hayupo. Sasa aje kukaa na mjane alasiri nzima, majirani waseme nini? Badala yake alimtuma mkewe Lenah na sukari na unga. Lenah alikuwa mtu mwema, akazungumza habari za kanisa na za magoti yake, na Nthoki akamsindikiza hadi getini huku swali likimwasha ulimini: na yeye mzee, bado huitaja ile habari? Hakuthubutu kuuliza.

Siku hiyo alipomaliza kulia alinawa uso. Akafungua kabati akatoa risasi mbili za mpingo ambazo Nyamai alizichonga kwa kukumbuka tu, nyembamba na nene, akazifunga kwenye leso na kuzitia mkobani.

"Mum, unaenda wapi na jua hili?" Wavinya aliuliza kutoka kwenye kochi.

"Kwa kina Baba Owen, Kariobangi."

"Kuna shida?"

"Naenda kubishana na mzee."

Wavinya aliweka simu chini. "Kubishana juu ya nini?"

"Risasi."

"Mum, uko sawa kweli?"

"Bado," alisema Nthoki. "Ndiyo maana naenda."

Wabwire alimpokea kwa mikono miwili, ameinamisha kichwa, kama mtu aliye matangani. Karibu shemeji, pole bado shemeji, Mungu yupo shemeji. Alikuwa amekonda. Lenah aliingia jikoni kuteleka chai, na chini barabarani mafundi wa jua kali waliokuwa wakifanya kazi hata Jumapili waligonga mabati yao. Nthoki aliketi, akaifungua leso, akazisimamisha zile risasi za mti mezani. Wabwire alizitazama. Hakuzigusa.

"Baba Owen," alisema Nthoki, "nimekuja kwa ile habari yenu. Mara ya mwisho pale kwetu mwenzangu alisema, wewe ukaondoka bila kumjibu, sababu mvua ilikuwa inakuja. Sasa nasema upande wake, nawe unijibu."

"Shemeji..."

"Ngoja nimalize. Hii yetu ni nyembamba kwenda mbele, inateleza kuingia chumbani mwa bunduki, wala haikwami. Yako ina mabega. Mtu akivuta komeo kwa haraka, mabega yanagonga. La pili, mwenye Tatu-Saba-Tano anapiga pofu, yule swala mkubwa, asubuhi na nyati jioni kwa bunduki ile ile moja. Huyo wako anatembea na mbebaji wa pili na bunduki ya pili, kama bibi harusi na wapambe wake. La tatu, yako inampiga teke mpigaji kabla ya kumpiga mnyama, na mpigaji akishaogopa bega lake, huyo hapigi tena, anafumba macho."

Lenah alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, kijiko mkononi. "Mama Wavinya, haya umeyasomea wapi?"

"Jikoni kwangu."

"Kumbe hiki ndicho kilichokuwa kinamwamsha kila Jumapili," alisema Lenah. "Na mimi nilikuwa nikimfulia shati."

Wabwire hakucheka. Alikaa akiitazama meza, kisha akamgeuzia Nthoki uso wa upole, uso ule ule aliokuwa nao mazishini. "Ni kweli, shemeji," alisema. "Marehemu alisema kweli. Mimi nimekubali. Tatu-Saba-Tano ndiyo bora."

Kwao Busia alilelewa kwamba aliyefiwa hapingwi. Akisema mvua ni jua, unaitikia, unamwondolea mzigo. Maskini mzee alidhani ametoa zawadi kubwa kuliko zote alizowahi kutoa, na kweli ilikuwa imemgharimu, jasho lilimtoka usoni. Lakini Nthoki aliogopa. Wabwire akikubali, basi. Ubishi umekwisha, Nyamai ameshinda, na aliyeshinda hana la kuongeza. Hata ile sehemu moja iliyobaki, ambamo bado alimsikia kwa mbali, ilikuwa inafungwa mbele ya macho yake na mtu mwenye nia njema.

"Rudisha," alisema.

"Nini, shemeji?"

"Hilo neno lako. Lirudishe. Nyamai hukumkubalia hata alipolazwa. Ulimbishia na dripu iko mkononi mwake, mpaka nesi akakutoa. Leo unamkubalia kwa kuwa amekufa? Hiyo siyo heshima, Baba Owen. Huko ni kumwambia anyamaze."

"Nilitaka kukufariji."

"Usinifariji. Nibishie."

Wabwire alimtazama mkewe kana kwamba anaomba ruhusa, au msaada.

"Mzee, mjibu mgeni," alisema Lenah. "Tangu mazishi unaongea na dirisha tu. Nimechoka na hilo dirisha."

Wabwire aliunyosha mkono wake wa kushoto, akaichukua ile risasi nene ya mti, akaipachika kati ya vidole viwili, kitako nje, namna wabeba bunduki walivyozishika za akiba ili bwana asingoje. Akaanza chinichini, kana kwamba anajisemea.

"Inakwama," alisema. "Nani alisema inakwama? Hukwama mkononi mwa mtu anayefikiria kukimbia." Akavuta kiti mbele. "Ganda la Nne-Moja-Sita ni pana, baruti imekaa kwa nafasi yake. Jua la Tsavo liwake litakavyo, ukivuta komeo ganda linatoka. Hilo lenu jembamba limeshindiliwa mpaka linalia. Na habari za pofu asubuhi na nyati jioni, hizo ni habari za dukani! Nyati akikugeukia kwenye vichaka, huulizi risasi yako imefanya kazi gani asubuhi. Unataka ya kumsimamisha yeye, pale pale, sasa hivi!"

Sauti ilikuwa imempanda. Uhai ulimrudi usoni, na lile neno shemeji lilikuwa limemtoka kabisa kinywani. Nthoki alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

"Na yule nyati dume wa Voi je?" Wabwire alikuwa amesimama sasa, amemwinamia. "Mbona humtaji huyo? Mzungu wako alimpiga begani kwa hiyo Tatu-Saba-Tano yenu. Nilikuwepo, niliona vumbi likiruka ngozini. Akaja! Akaja na risasi yenu mwilini, mbio, mpaka nikaona ndani ya pua zake. Nani alimsimamisha? Nijibu. Nani alimsimamisha?"

Jibu Nthoki alikuwa nalo. Alilisikia kila walipofika hapo, Jumapili kwa Jumapili, akilipuuza huku akiosha vikombe. Lilikuwa tayari ulimini. Akafungua kinywa kulitoa, akamwona Wabwire: amenyamaza, kidevu mbele, macho yamekaza, anangoja kama alivyozoea kungoja. Hakuwa anamtazama yeye. Alitazama juu kidogo, pale ambapo uso wa mtu mrefu ungekuwa.

Nthoki akafumba kinywa.

Hakuna aliyesema kitu. Hata Lenah, chai ikifurika nyuma yake, hakugeuka. Na katika nafasi hiyo waliyomwachia, Nyamai akaja. Kicheko kwanza, kile cha kupitia puani, halafu kiganja mezani, halafu sauti yenyewe, ya mikwaruzo, ya karibu, nzima: Alikuwa ameshakufa yule, ila hakuwa amepata habari.

Machozi yalimtoka Nthoki naye akayaacha yashuke.

Wabwire alisonya. "Hilo siyo jibu," alisema kwa hasira, na hakuwa akimwambia Nthoki.