Alhamisi ya Mtihani wa Hesabu

Baba Natalie alifia Ol Kalou mwanzoni mwa Mei, na mimi nikaamua mtoto asijue mpaka amalize mitihani. Mtu asinicheke. Kwetu ndivyo tunavyofanya. Hata mimi, nikiwa kidato cha nne, nilifichwa kifo cha nyanya yangu hadi karatasi ya mwisho, na nilipofika nyumbani nikakuta kaburi limeshaota nyasi. Nililia, nikakasirika, baadaye nikawashukuru. Habari ya msiba haitupwi kwenye simu. Mtu huketishwa, akazungukwa na watu, ndipo akaambiwa.

Njoroge na mimi tulikuwa tumeachana miaka sita. Yeye aliishi Jakobsberg, upande mwingine wa Stockholm, akiendesha basi, mimi na binti yetu tukabaki Bredäng. Alikwenda Kenya mwezi mmoja tu, kuezeka nyumba yake, na moyo ukasimama. Ndugu yake Eliud ndiye aliyenipigia. Wengine walidhani talaka ingenikausha machozi. Haikunikausha. Huyu ndiye mtu aliyenipokea uwanja wa ndege nikiwa nimevaa ndala katikati ya Januari, akanivalisha viatu vyake.

Sasa nitalilia wapi? Nyumba yetu ni vyumba viwili, ukuta mwembamba, ukipiga chafya jirani anakuombea afya. Kazini ninahudumia wazee majumbani mwao, na wazee hawapendi mtu wa kuwalilia juu ya supu. Nikabaki na chumba cha kufulia, chini kabisa ya jengo, ambacho kila mpangaji hujiandikia zamu yake. Nikajiandikia zamu tatu kwa wiki. Stockholm hii hata kulia kunahitaji kupangiwa saa. Nilitia taulo safi kwenye mashine, nikaiwasha, nikalia hadi izime.

Rafiki yangu Mueni alitaka kuja na watu wa kanisa, na birika za chai, tukae matanga kama binadamu.

"Ukija na watu mtoto atajua," nikamwambia.

"Kwa hivyo utaomboleza na nani, Jerioth?"

"Nitaomboleza peke yangu. Wiki tatu si nyingi."

Wahenga walisema mficha maradhi, kilio kitamuumbua. Mimi nilikificha kilio chenyewe.

Mazishi yalikuwa Alhamisi, siku ya mtihani wa hesabu. Yalirushwa mtandaoni, nami niliyatazama kule chini, simu nimeiegemeza kwenye pakiti ya sabuni. Jeneza lilipoanza kuteremka, mtandao ukakwama. Picha ikaganda Eliud akiwa ameinua sepetu, na sikuona tena kitu. Nikanawa uso kwenye sinki, nikabeba kikapu, nikapanda juu. Natalie alikuwa ndiyo kwanza anavua viatu.

"Mtihani ulikuwaje?"

"Bra," akajibu, yaani mzuri. Yeye hunijibu Kiswidi akichoka. Kisha akachungulia kikapu. "Mama, si ulifua hizi taulo juzi?"

"Zilinuka," nikasema.

Ijumaa nilipeleka karatasi za kifo serikalini. Hapa mtoto akifiwa na mzazi hulipwa pensheni kila mwezi hadi miaka kumi na minane, na hadi ishirini ikiwa bado yuko shule. Ni haki yake, nami sikutaka aipoteze kwa sababu ya siri yangu. Barua zote za Natalie, tangu chanjo ya kwanza, zimekuja kwa jina langu, kwa hiyo nikawa ninavizia mlango kama paka, nikiomba barua ya pensheni ianguke mimi nikiwepo. Haikuanguka. Nikadhani ofisi bado inashughulika. Kumbe nilisahau kwamba mwezi wa pili alitimiza kumi na minane. Hapa ukitimiza umri huo, serikali inazungumza na wewe mwenyewe, tena kwenye simu yako.

Mtihani wa mwisho ulikuwa Ijumaa, wiki mbili baadaye. Saa tisa alasiri Mueni alikuja, na Mzee Évode wa kanisani, Mrundi mwenye sauti ya upole, pamoja na mkewe Adrienne. Nilikaanga maandazi.

Natalie aliingia, akaviona viatu vingi mlangoni, akasimama.

"Binti yangu, keti hapa karibu na mama," Mzee Évode akaanza. "Baba yako..."

"Najua."

Akatoa simu, akatuonyesha barua. Siku kumi alikuwa nayo. Zile jioni aliponiambia yuko maktaba, alikuwa akipanda treni hadi Norsborg, mwisho wa reli, na kurudi, akilia na uso ameuelekeza dirishani.

"Mbona hukuniambia?" nikauliza.

"Una presha, mama. Nilidhani anko Eliud amekuficha wewe. Halafu nikakuona macho mekundu, nikajua unajua, unangoja nimalize mitihani. Nikasema sawa, nitangoja nawe." Akakaa pembeni yangu, akaniegemea bega. "Nimenunua gauni jeusi. Na ile pesa ya kwanza ya pensheni tununue tiketi zetu. Tunaenda lini kumzika?"

Mtoto huyu amezaliwa hapa. Msiba pekee aliowahi kuhudhuria ni wa nyanya ya rafiki yake Josefina, ajuza aliyekufa kabla ya Krismasi akazikwa mwisho wa Januari. Hapa maiti husubiri. Ningewezaje kujua kwamba anamsubirisha baba yake?

"Natalie," nikasema. "Baba alizikwa. Alizikwa ile Alhamisi ya hesabu."

Alijitoa begani mwangu polepole. Niliona akiitafuta siku hiyo, na nikaona alipoipata.

"Uliniuliza mtihani ulikuwaje," akasema. "Ulikuwa na taulo."

Akaenda chumbani kwake, akafunga kwa ufunguo. Nilibisha, nikamwita majina yote niliyomwita utotoni. Nikarudi sebuleni, na mbele ya watu nikalia kwa sauti, kwa mara ya kwanza. Mueni alinikumbatia, Adrienne akaanza wimbo, Mzee Évode akamimina chai. Matanga yangu yalikuwa yamekamilika, watu wote niliowakatalia wamekuja, nami nilikuwa nikisikiliza mlango mmoja tu, ambao haukufunguliwa.