Anasoma kama Redio

…na sasa anasoma, jamani, namsikia kupitia mlango wa chumba cha kupimia usomaji, mbuzi alikwenda kisimani akakuta maji yamekauka, hakwami, hagugumizi, huyu huyu Chiriku wetu anayeongea kutwa nzima lakini b na d zinamtoa machozi, nami kwenye benchi hili nimetabasamu, mjinga mimi, nikamgeukia kaka nione kama baba mtu amesikia, maana ile digrii yangu ya elimu maalumu, anayoiita karatasi ya kufungia karanga, hatimaye imefanya kazi, of all the jobs nilizoomba, hii ya bure, meza ya jikoni, mimi na mwanawe, kidole chini ya mstari, shangazi, herufi zinaogelea, ziache ziogelee, nisikilize, rudia… kifungu nilikijua, wapimaji wote wanatumia hiki hiki cha mbuzi tangu niko chuoni, nobody bothers kutunga kingine, na mtoto alikuwa anatapika kila akisikia anakwenda kupimwa, nilitaka tu aingie mle bila kutetemeka, nikawa namsomea kila jioni, confidence first, ndivyo tulivyofundishwa, naye akakibeba chote kwa sikio, ana sikio huyo, usimwambie siri… “Profesa,” kaka ananiita, taratibu, “unasikia?” Nasikia. “Anasoma kama redio.” Anasoma, kaka. “Kwa hiyo anaweza.” Hakusema kama mtu aliyefurahi, amesema kama mtu aliyemshika mwizi, “Mwaka mzima naitwa shuleni, mtoto anahitaji mwalimu wa peke yake, mtoto ana njia yake ya kujifunza, na wewe unaitikia dyslexia, dyslexia, eti herufi zinamchanganya, kumbe ananichezea shere!” anafungua saa mkononi, anaitia mfukoni, Mungu wangu, baba yetu naye kabla ya kutupiga alianza kwa kuvua saa, isije ikavunjika, saa ilionewa huruma nyumba ile kuliko sisi… “Subiri mpimaji amalize, kaka.” “Amalize nini? Mimi niliyeacha shule mapema nasikia, wewe msomi huna masikio?” anacheka, anacheka peke yake, “Leo atanisomea gazeti zima. Akikwama, hicho ni kiburi.” Gazeti, hajawahi kulisikia gazeti lile, atalishika kwa lipi, nimwambie, nimwambie hasomi, amekariri, nimemkaririsha mimi, ataniambia namtetea kama kawaida yangu, basi nigonge mlango, nimwambie mpimaji achukue kifungu kingine, mtoto aniangalie mimi, shangazi yake, nikimwumbua mbele ya mgeni… nisipogonga yule ataandika hana tatizo, case closed, hakuna mwalimu wa pembeni, hakuna herufi za kupapasa kwa vidole, hakuna dakika za ziada, arudi kiti cha nyuma kabisa akachekwe, halafu jioni gazeti, na mkono usio na saa… simama, mwanamke, mbona bado umekaa, kaka amejinyoosha ukutani, macho kwenye kitasa, na mle ndani Chiriku amefika pale mbuzi anapowakusanya wenzake, pagumu pale, maneno marefu, alikuwa anateleza kila siku mpaka nikampa kijiwimbo cha kuyashikilia, teleza, mama, teleza leo, kosa neno moja tu, herufi moja, nakuomba… sauti yake inapanda, karibu anaimba, hatelezi.