Chumba cha Nje ya Mlango wa Mkuu

Watu wengine wakitazama filamu za ujasusi hukodolea macho magari yanayoruka madaraja. Bi Katibu alikodolea macho meza. Tangu akiwa msichana, akikaa safu ya tatu ukumbini na karanga zake mkononi, alichokuwa akingoja ni dakika moja tu: pale jasusi anapoitwa na mkuu wake, na kabla ya kuingia anapita kwenye kile chumba cha nje, chenye taa ya kofia ya kijani, simu nyeusi ya kuzungusha namba na mlango mnene uliovalishwa ngozi. Dakika hiyo ikishapita, hata dunia ilipuliwe, yeye hakujali sana. Kuna filamu aliirudia mara nne ili ahakikishe kama droo za meza zilikuwa sita au saba. Zilikuwa sita.

Alipokua akawa katibu muhtasi kweli, akakaa nje ya mlango wa mkurugenzi kwa miaka thelathini na mmoja. Ila ofisi yenyewe! Meza ya bati, feni yenye kukohoa, mlango wa plaiwudi. Alipostaafu akaona sasa basi, atajitengenezea mwenyewe. Chumba cha nyuma, kilichokuwa cha binti yao kabla hajaolewa, kikaanza kujaa. Meza ya droo sita aliikomboa kwenye stoo ya shule, ambako ilikuwa ikiwekewa ndoo juu yake. Taa ya kijani aliibembeleza kwa kinyozi mmoja kwa miezi mitano, mpaka kinyozi akachoka kumwona. Saa tatu za ukutani, za kuonyesha majira ya miji mitatu, alizinunua kwa mpigo; moja ilikuwa imekufa, kwa hiyo mji mmoja ulibaki saa saba na robo mwaka mzima. Mlango wa kutokea uani aliuvalisha ngozi na misumari ya shaba, kazi ya fundi makochi aliyeuliza mara tatu kama kweli mama hakukosea mlango.

Mumewe alikuwa fundi redio, na kila mtu alimwita Fundi, hata mkewe. Alicheka mpaka mbavu zikamuuma, kisha akaenda kumwungia visanduku viwili vya kuongelea, kimoja mezani kwake, kingine jikoni. Ukibonyeza kitufe ukasema, unasikika upande wa pili.

"Mkuu anaomba chai," Bi Katibu alikuwa akisema ndani ya kisanduku.

"Mkuu aje achukue mwenyewe," Fundi alijibu kutoka jikoni. Kisha alimpelekea.

Mwezi uliopita binti yao alipiga simu. Amehamishiwa kikazi kwenye mji wao, mumewe atabaki alikokuwa mwaka mzima. Je, yeye na mapacha wake wangepata pa kulala? Nyumba ilikuwa na vyumba vitatu tu: chao wazee, hicho cha nyuma, na karakana ya Fundi ng'ambo ya ua.

"Chumba chako kinakungoja, mwanangu," Bi Katibu alisema bila kusita. "Vile ni vikorokoro tu." Alilisema kwa sauti nyepesi kiasi kwamba nusura aliamini mwenyewe. Siku ileile akamtafuta mwenye duka la samani kuukuu, wakapatana aje na lori Jumamosi, saa nne asubuhi.

"Huumii kweli?" Fundi alimuuliza.

"Niumie kwa mbao?"

Jumamosi yenyewe, saa tatu na robo, alikuwa amekaa nyuma ya meza akizimwaga droo moja baada ya nyingine kwenye boksi. Tuseme ukweli, aliumia. Kila droo iliyobaki tupu ilimfanya ajione mjinga, mtu mzima kulilia droo, na bado machozi yalitoka.

Ghafla kisanduku kikakoroma, na sauti ya mumewe ikajaa chumbani. Asubuhi hiyo Fundi alikuwa akikijaribu kile cha jikoni ili mnunuzi asije akapata la kusema. Alikibana kitufe kwa kibanio cha nguo apate kufanya kazi kwa mikono yote miwili, halafu, kama mafundi wote na vitu vya nyumbani kwao, akakisahau hapohapo.

"Hapana mwanangu, nisikilize mimi," alikuwa akimwambia binti yao kwenye simu.

Katibu aliyefundwa akafundika, akisikia sauti ndani ya kisanduku, hangoji kufikiri. Mkono wa Bi Katibu ulishika penseli, ukavuta daftari, ukaanza kuandika kwa hatimkato, yale maandishi ya mbio ya makatibu, kabla kichwa hakijatambua kwamba anadukua maongezi ya watu.

"Mama yako ni mwongo," kisanduku kilisema. "Mwongo mzuri, lakini mwongo. Jana nimemkuta anaipangusa ile meza huku anaiomba radhi. Meza! Miaka thelathini na mmoja amekaa nje ya mlango wa mtu. Leo ana wa kwake, tumwambie aung'oe? Hapana. Nyie mtalala karakana, nitaipaka rangi. Redio? Aa, redio ni vyuma tu. Mimi nimezeeka, hata waya sizioni vizuri. Nitakaa zangu nisome gazeti. Likija hilo lori nalijaza redio, mama yako atajulia hapo hapo. Usimwambie."

Penseli ikasimama. Sauti ile nyepesi Bi Katibu aliijua, maana alikuwa ameitumia yeye mwenyewe mwezi uliopita. Hazioni waya! Juzi tu mtu huyo alikuwa ameunga waya mwembamba kama unywele huku akiimba kwa furaha, tena akiimba vibaya. Moyo wake ukajaa mapenzi, na hasira kidogo. Nyumba nzima ilikuwa na majasusi wawili, na hakuna hata mmoja aliyeiweza kazi.

Akageuza ukurasa, akaongeza mistari michache, akavaa miwani, akaenda jikoni. Fundi alikuwa anakata vitunguu.

"Kikao kilifunguliwa saa tatu na robo," Bi Katibu akasoma. "Ajenda ya kwanza: mama ni mwongo."

Fundi akaganda. Akakitazama kisanduku, akakiona kibanio. "Ala!"

"Ajenda ya pili: Fundi naye ni mwongo. Yatokanayo." Akarekebisha miwani. "Katibu amechunguza filamu zote alizowahi kutazama, na hakuna idara ya ujasusi isiyo na fundi wake, mwenye koti chafu na waya zimetapakaa. Idara hii imefanya kazi miaka minne bila fundi, jambo ambalo ni aibu. Imeamuliwa kwamba redio zote zihamie ofisini, upande wa dirisha. Karakana wapewe binti na mapacha."

"Imeamuliwa na nani?"

"Na kikao."

"Kikao gani? Watu wawili, na mmoja hakujua kama amehudhuria!"

"Akidi ilitimia."

"Nikichomelea kunanuka."

"Ndiyo maana nikasema dirishani."

"Naimba nikiwa kazini."

"Hilo lilijadiliwa. Likakataliwa."

Fundi akacheka, kisha akajifuta macho kwa mkono wa shati. Vitunguu vikasingiziwa. Bi Katibu akamshika bega, akamwambia aache kukata, aende akalete redio, lori liko njiani.

Saa nne kamili mwenye duka aliingia na wapagazi wawili, akakuta droo zimerudishiwa vitu vyake na Bi Katibu ameketi wima nyuma ya meza.

"Una miadi?" akamuuliza.

"Mama, si tulipatana? Nije saa nne, nichukue meza, taa, saa zote tatu za ukutani, visanduku na huo mlango."

"Kumekuwa na kikao. Mambo yamebadilika."

Mtu wa watu akavua kofia. "Basi nionyeshe mkuu wa hapa, niongee naye mwenyewe."

Ombi hilo Bi Katibu alikuwa amelijibu maelfu ya mara, na jibu lake halikuhitaji hata maneno. Mkono ukainuka wenyewe kuelekea mlango wa ngozi. Nyuma yake kulikuwa na ua tu, kamba ya nguo, na Fundi anayekuja taratibu na redio mbili kifuani.

Akaurudisha mkono mezani.

"Mkuu ni mimi," akasema. "Keti tuzungumze."