Kilele cha Tatu

Siku ile mjinga alikuwa yeye, wala hakuhitaji shahidi. Alikuwa peke yake katika chumba kisicho na dirisha, macho kwenye kompyuta iliyounganishwa na kigunduzi cha miale, akiutazama mstari wa kijani uliopanda mlima mahali palipotakiwa kuwa uwanda mtupu. Vilele viwili alivitarajia: kiini cha atomu kinapotulia hutema mwale mmoja wa gama, na papo hapo mwingine. Hiki cha tatu, kilichojitenga huko mbali, kilitoka wapi? Mtafiti wetu hakuuliza sana. Alishakipenda.

Simu ikatetemeka mezani. Mkewe. Tangu mvua zianze alikuwa kwa dada yake, na leo mchana mume alipaswa kwenda kumchukua: aketi mbele ya shemeji, ameze mate, aseme maneno mawili matatu ya kuomba radhi, warudi nyumbani. Akaigeuza simu kifudifudi. Angepiga akiwa na habari ya kumsahaulisha kila kitu.

"Umeona wewe?" akaiuliza mashine, maana hapakuwa na mwingine wa kuulizwa. Mashine ikaendelea kuvuma.

Jioni akaingia mkuu wa maabara, mama ambaye kicheko chake hufika mlangoni kabla yake. Akaikodolea macho grafu.

"Mdogo wangu, sampuli umeiweka wapi?"

"Nimeigusisha na kigunduzi. Ikikaa mbali, mashine inachelewa kuhesabu."

"Haraka zako! Miale miwili imeingia kwa pamoja, kigunduzi kikadhani ni mmoja. Umeifungisha ndoa bila wazazi kujua. Jumlisha nishati za hivyo viwili uone kama hupati hicho cha tatu. Isogeze nyuma, bwana harusi."

Akaisogeza, akaanza kuhesabu upya. Vile viwili vikafupika, lakini vikabaki. Cha tatu hakikuota tena. Mama akampigapiga begani, akaondoka na kicheko chake, na chumba kikawa kikubwa kupita kiasi.

Akapiga simu.

"Nilikuwa kazini," akasema.

"Kwani kuna siku hukuwa? Nimekaa sebuleni na begi miguuni mchana kutwa. Dada anapita, anajifanya hanioni."

"Nilidhani nimepata kitu kikubwa, mke wangu."

"Umekipata?"

"Hapana." Akajikuna shingo, akatafuta maneno matamu, na kwa bahati mbaya akayapata. "Ila nimejifunza. Kumbe ukisogea mbali kidogo ndipo unapoona vizuri. Cha uongo kinapotea, cha kweli kinabaki. Kesho asubuhi nakuja, haki ya Mungu."

Upande wa pili akasikia zipu ya begi ikifunguliwa, taratibu, mpaka mwisho.

"Mimi nimeshasogea," mkewe akasema. "Wewe hesabu kilichobaki."