Kinyozi na Umeme wa Miguu

Fundi wa baiskeli za umeme alikuwa amepanga chumba ukuta kwa ukuta na kinyozi, mume wa dada yake, na mlango wa katikati haukuwahi kufungwa. Ndiyo maana siku mota ilipokubali kuzunguka, wa kwanza kujua alikuwa shemeji.

Asubuhi nzima mota hiyo, iliyojengwa ndani ya gurudumu, ilikuwa ikitetemeka na kunung'unika mezani kama mtu mwenye homa. Ni ya aina isiyo na brashi za kupitishia umeme ndani, kwa hiyo umeme hugawiwa waya zake tatu kwa zamu na chipu ndogo yenye programu, na zamu ikikosewa, mota hugoma. Fundi alirekebisha mstari mmoja wa programu, akawasha. Gurudumu likashika mwendo, likivuma kwa raha. Naye akapiga kigelegele.

Kinyozi akaingia na kitana mkononi. "Shem, hii ukiizungusha kwa nguvu, si inatoa umeme?"

"Inatoa."

"Basi funga mbili. Hii izungushe ile, ile iilishe hii, na kinachobaki kininyolee wateja bure."

Fundi alicheka mpaka akashika meza. "Shemeji, kila moja itajilia chake njiani. Hakuna kitakachobaki."

"Wewe jaribu tu."

Akajaribu, kwa ajili ya amani ya familia. Alichukua mota ya pili rafuni, akazifunga mbili kwa mkanda, akazianzisha kwa betri, kisha akaichomoa. Zilizunguka kidogo, zikalegea, zikasimama.

"Labda hukukaza skrubu," alisema kinyozi, akarudi kwa mteja wake.

Hata kidevu hakukimaliza, umeme ukakatika mtaa mzima. Mteja alikuwa anakwenda ukweni kujitambulisha mchana huohuo. Shavu moja laini, la pili kichaka.

"Nikumalizie kwa wembe?"

"Wembe unanitoa vipele," alisema mteja kwa huzuni. "Wakwe watadhani tumekuja wawili."

Betri ya fundi nayo ilikuwa imekwisha kwa majaribio. Lakini gurudumu lilikuwepo. Alilifunga kwenye baiskeli iliyoinuliwa juu ya stendi, akabadilisha programu kwa kompyuta yake ya mkononi ili chipu sasa ipokee umeme badala ya kuutoa, akamwita dada yake. Dada akapanda, akakanyaga, na mashine ya kunyolea ikanguruma. Mteja akafumba macho kwa shukrani.

Kinyozi akanogewa. Akawasha feni, pedali zikawa nzito kidogo. Akachomeka na chombo cha kupashia taulo joto. Dada akahisi kama ameingia kwenye matope.

"Nani kawasha nini?"

"Taulo tu, mke wangu."

"Taulo tu! Njoo uzipashe mwenyewe."

Kinyozi akapanda. Alikanyaga mpaka mishipa ya shingo ikamsimama, na taulo zikabaki baridi vilevile.

"Miguu ya mtu inatosha kunyoa na kupepea," fundi alimwambia, akichomoa chombo kile. "Joto linataka timu nzima ya mpira, na wa akiba wao."

Fundi mwenyewe akashika mashine, akamalizia shavu lililobaki huku shemeji akikanyaga. Mteja aliondoka anang'aa, na jioni akapiga simu kusema amekubaliwa. Kinyozi alimpongeza akiwa amelala chali sakafuni, mkewe akimkanda mapaja na kucheka mpaka machozi.