Mchukuzi wa Stesheni

Mimi ni fundi rangi, na hasira zangu ziko karibu kuliko brashi yangu. Kwa hiyo Bibi wa Kona aliponiambia kwa mara ya kumi kwamba askari wa mtaa wetu walikuwa tisa, nilimjibu vibaya.

"Bibi, ukuta huu naupaka mimi kila mwaka. Ni wanane!"

"Tisa, mwanangu. Wa mwisho ni baba yangu."

Ngojeni niwaeleze. Kwenye kona ya mtaa wetu kuna ukuta, na ukutani kuna kibao kirefu cha saruji kinachoshuka hadi magotini. Wakazi walikichonga wenyewe vita kuu ya pili ilipokwisha, kuwakumbuka vijana wao ambao hawakurudi. Na kwa kuwa walijuana kama watu wa nyumba moja, hawakuandika majina ya kwenye vyeti. Waliandika walivyoitana: Mwokaji. Kinyozi. Pacha Mkubwa. Pacha Mdogo. Kila mwaka fundi hupaka ukuta upya, kisha hupitisha rangi nyeusi ndani ya herufi moja moja. Baba yangu aliifanya kazi hiyo miaka thelathini na minane. Mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Alipochoka, nikaishika mimi.

Sasa barabara inapanuliwa na ukuta ulikuwa uvunjwe Jumatatu, baada ya watu kuja kuuaga Jumapili. Mwenyekiti wa mtaa ameagiza jiwe jipya la marumaru, na saa sita mchana ilimpasa ampelekee mchonga mawe orodha. Mistari minane. Ndiyo maana Bibi, mwenye miaka themanini na ushei, alikuwa ameketi mbele ya ukuta tangu asubuhi kwenye kiti chake cha plastiki. Baba yake asipoandikwa siku ile, basi tena.

"Lakini Bibi, mbona umeanza kusema haya mwaka juzi tu?" mwenyekiti alimuuliza, huku akitazama saa.

Kweli, alianza mwaka juzi, baada ya kumzika baba yangu. Waliokijua kibao hicho zamani wamekufa au wamehama, kwa hiyo watu walisema ni uzee. Na mimi nilisema, tena kwa sauti, tena mbele za watu, wakacheka. Mdomo wangu hauna breki.

Bibi alinigeukia mimi. "Kwangua hapo chini, kwenye mkanda."

Mkanda ni ile rangi nzito ya mafuta tunayopaka chini ya ukuta ili tope lisionekane. Baba aliniachia na kipimo chake: shubiri tatu kutoka ardhini. Sijawahi kukihoji.

"Jamani! Nimeupaka jana, hata haujakauka vizuri. Niharibu kazi yangu kwa mkono wangu?"

"Haribu."

Nikachukua kikwanguo, si kwa heshima, ila nimwoneshe kwamba hakuna kitu na yaishe. Rangi ya kahawia ikatoka. Chini yake kijivu, chini yake kahawia tena, halafu kijani ambayo sikuwahi kuiona maishani mwangu. Kisha ncha ya kikwanguo ikazama ndani ya mfereji mdogo. Nikaufuata. Nikamwaga mafuta ya taa kwenye kitambaa, nikasugua. M. Nikasugua tena. C, H. Hapo nikaacha kunung'unika.

Mchukuzi wa Stesheni.

"Lo!" Mwenyekiti alivua kofia, akatoa orodha mfukoni, akaandika mstari wa tisa akiwa ameiegemeza karatasi kwenye paja. Akaondoka mbio kwa mchonga mawe bila hata kuaga.

Mimi nilibaki nimechuchumaa. Nilishajua ni nani aliyemfunika yule Mchukuzi. Baba yangu hakujua kusoma. Zile herufi alizifuata kwa brashi kama mtu anayefuata njia, hajui inakwenda wapi, na alinakili vibao vya maduka hivyo hivyo, bila kukosea. Alipoanza kupaka mkanda alipima shubiri zake tatu, na mstari wa mwisho ukaingia ndani. Kwake ulikuwa mikwaruzo tu.

"Bibi, ni baba aliyefanya hivi."

"Najua. Nilikuwa dirishani nikimwangalia."

"Na ukanyamaza? Miaka yote hii?"

"Ningesema, mtaa mzima ungejua kwamba hajui kusoma. Nani angempa tena kibao cha duka aandike? Na wewe ulikuwa mgongoni mwa mama yako, una meno mawili." Alikunja mikono mapajani. "Nikajiambia, baba yangu yuko kwa Mungu, hali wala hanywi. Huyu mtoto anakula."

Nimelelewa, nimevishwa na nimesomeshwa kwa brashi ile, na huyu ndiye mama niliyemfanya kichekesho. Nilimshika mikono, nikamwomba radhi, nikamshukuru, na sikuona aibu kulia pale barabarani, mtu mzima mimi na ndevu zangu.

"Nashukuru, Bibi. Sijui nikulipe nini."

"Mpake rangi. Kesho watu wanakuja kumwona."

Nikafungua kopo la nyeusi, nikapiga magoti. Kwa haraka yangu nilichovya mno, rangi ikafurika nje ya herufi ya kwanza. Bibi alisogeza kiti chake karibu yangu.

"Taratibu, mwanangu," akasema. "Nimemngoja miaka arobaini, siwezi kushindwa na dakika tano."